Raija Anangoja Bei ya Kesho

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Raija Pulliainen ni saa yake ya mkononi. Aliivaa kinyume, uso wake upande wa ndani wa kifundo, na kila alipompa mtu mkono wa salamu aliupindua kidogo ili aitazame. Siku niliyohamia orofa ya pili, nikiwa bado nimekumbatia boksi la vyombo, alinikuta ngazini, akanipa mkono, akasoma saa.

"Karibu nyumbani," alisema. "Zamu yako ya sauna ni Jumatano saa tatu usiku. Mbaya, najua. Nzuri zote zina wenyewe."

Kisha akashuka ngazi mbilimbili, mwanamke aliyepita miaka sabini, utadhani chini kulikuwa na treni inayomngoja.

Treni ndizo zilizomlea. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha katika chumba cha kuongozea treni cha kituo cha mji wetu, Pieksämäki, pale reli za pande nne zinapokutana, akiamua ipi ipite na ipi isimame. Alipostaafu aliziacha treni, lakini haraka haikumwacha yeye. Alikunywa kahawa amesimama. Alisoma gazeti amesimama. Hata maua ya dirishani kwake aliyamwagilia akitembea, na ndiyo maana sakafu ilikuwa na maji kila mara.

Nyumba yetu ni ya matofali, orofa tatu, haina lifti, na chini yake iko sauna moja, chumba cha kuogea kwa mvuke, ya watu wote. Kila kaya ina saa yake katika wiki, na saa hiyo ni kama shamba la urithi: haipatikani mpaka mwenyewe ahame au afe. Taisto Moilanen wa orofa ya kwanza, seremala mstaafu, ndiye mwenye Jumamosi saa kumi na mbili jioni, zamu inayotamaniwa kuliko zote. Hafichi jinsi alivyoipata.

"Nilimngoja Väisänen afe," husema. "Nilimpelekea na supu, sikatai. Lakini nilikuwa nangoja."

Vita vilipoanza Ukraine tulidhani vitatufikia kupitia mpaka, maana Urusi si mbali. Vilitufikia kupitia mita ya umeme. Umeme tuliokuwa tukinunua Urusi ulikatwa, gesi ikapungua katika mabomba ya Ulaya, na bei ya umeme ikaifuata gesi juu kama mkia unavyomfuata mbwa. Mkataba wa nyumba yetu, wenye bei isiyobadilika, uliisha mwezi wa Septemba. Tukaambiwa tuchague: bei moja ya kudumu, ya kutisha, au bei ya soko, ambayo kila saa ya siku ina thamani yake, na zile za kesho hutangazwa leo mchana kabla ya saa nane. Nyumba ikachagua soko, kwa kuwa ile nyingine isingelipika.

Mwezi huohuo mawaziri wa nishati wa Ulaya walikutana Brussels wakakubaliana kwamba kila nchi ipunguze umeme katika saa za kilele, saa zile ambazo watu wote wanapika, wanafua na kuwasha taa kwa pamoja. Serikali yetu kule Helsinki ikapunguza kodi ya umeme, ikatusihi tushushe joto la vyumba na tuoge upesi. Sisi tulisikia habari hizo kama tunavyosikia habari zote. Raija alizisikia kama mtu aliyepewa kazi.

"Saa za kilele," alirudia jikoni kwake, akimimina kahawa huku anatembea. "Unaona? Hicho ndicho nilichokuwa nikifanya miaka yote. Treni mbili haziingii reli moja. Moja ingoje. Basi! Wamechukua muda gani kulijua hilo huko Brussels?"

Katika mkutano wa wakazi wa mwezi wa Oktoba, Taisto alisimama akasema jiko la sauna linakula umeme kuliko taa zote za nyumba, na kwamba busara ni kuifunga kwa kufuli mpaka masika, miti ya mbetula itakapotoa majani. Vichwa vingi viliitikia. Ndipo Lempi Tossavainen alipogonga meza kwa fimbo yake.

Lempi anakaribia tisini na anaishi peke yake orofa ya tatu. Bafuni kwake kuna hodhi la kuogea la zamani ambalo ukingo wake hawezi tena kuuvuka. Kila Ijumaa Raija humshusha ngazi zote hizo, humwogesha katika sauna, humpandisha tena. Mwanawe, Kauko, anayeishi Mikkeli, alishatamka kwamba siku mama yake atakaposhindwa kuoga nyumbani, ndiyo siku atakayompeleka makao ya wazee. Wote tulilijua hilo, na wote tulikuwa tunatazama meza.

"Mkiifunga sauna," Lempi alisema, "nifungieni na mimi mlemle ndani. Angalau nife safi."

Walicheka, kisha kicheko kikakatika.

Raija alikuwa amesimama mlangoni, kama kawaida yake. "Nipeni sauna mimi," alisema. "Jiko halitawaka saa za kilele hata mara moja. Nitalipangia saa mimi mwenyewe, kila siku, kwa bei ya soko. Sauna ina mita yake. Mwisho wa Novemba tutazame. Gharama yake isiposhuka, funguo nitazileta kwa mkono wangu."

"Na zamu zetu?" Taisto aliuliza.

"Zamu zitafuata bei."

"Raija, zamu yangu haifuati kitu. Ni Jumamosi saa kumi na mbili."

"Itakuwa Jumamosi saa tatu usiku."

"Saa tatu usiku nimelala!"

"Utalala ukiwa safi."

Walipiga kura, akashinda kwa kura chache, na nyumba ikapoteza utulivu wake tangu siku hiyo.

Kila mchana Raija alikuwa dirishani na tableti yake, akingoja. Vijana wa mtaani walikuwa na programu za simu zilizowaonyesha bei kwa rangi, nyekundu na kijani. Yeye alizidharau. Alikwenda kwenye ukurasa wa soko lenyewe, palepale bei zinapozaliwa. "Kwa nini ninywe maji ya mtaro na chemchemi ipo?" alisema. Bei zikishatoka, alitoka naye. Tulimsikia akipanda ngazi, akibonyeza kengele za milango moja baada ya nyingine bila kungoja jibu.

"Kesho ni kuanzia saa mbili usiku! Orofa ya kwanza mnatangulia! Taisto, usijifanye umelala, naiona taa yako!"

Watu walilalamika, lakini walishuka. Walioga saa ambazo mababu zao hawakuwahi kuoga. Asubuhi moja ya Jumapili, upepo wa pwani ulipozungusha mitambo ya umeme usiku kucha na bei ikawa karibu na bure, tulikaa katika mvuke kabla ya kanisa, tukitazamana kwa aibu kama watu waliokutana kilabuni asubuhi. Lempi ndiye aliyefurahi kuliko wote.

"Nimeoga sauna ya vita na sauna ya harusi," alisema akimwaga maji juu ya mawe. "Sauna ya bei ya soko, hii ni mara ya kwanza. Msichana wangu, ongeza kata moja ya maji, mvuke hauna bei."

Raija alitabasamu, akaitazama saa yake. Hata mle ndani aliivaa, na ilimchoma.

Kisha hesabu ya Novemba ikaja. Gharama ya sauna haikushuka. Ilikuwa imepanda.

Taisto alipanda kugonga mlango wa Raija siku hiyohiyo. Nilikuwa nimekwenda kumrudishia Raija ngazi yake ndogo, hivyo nilikuwepo.

"Sikuja kucheka," Taisto alisema.

"Basi usicheke."

"Mwezi mzima umetuamsha, umetulaza, umetuogesha kama kuku wa kizungu. Na tumelipa zaidi. Kama tungebaki na zamu zetu tungelipa vilevile, na mimi ningekuwa nimeoga Jumamosi yangu."

"Haiwezekani. Nimefuata kila saa."

"Mita haina ubishi, dada."

"Mita ina hitilafu, basi!"

Mita haikuwa na hitilafu. Aliita fundi, fundi akasema ni nzima. Raija akapima muda jiko linaochukua kupata moto, akabadilisha mawe yaliyopasuka, akaziba mwanya wa mlango kwa blanketi. Siku hizo hakuwa mtu wa kukaa naye. Alianza sentensi akaimalizia chumba kingine. Lempi alipomwambia, "Keti, mwanangu, utatoboa zulia," alikwenda kutobolea ukumbini.

Kauko alipiga simu kutoka Mikkeli. Alikuwa amesikia. Alisema angekuja Krismasi na gari kubwa.

"Kwa nini kubwa?" Lempi alimuuliza.

"Kwa vitu vyako vichache, mama. Tukiona inafaa."

Aliyefumbua fumbo ni Maire, mdogo wake Raija, ambaye alikwenda Uswidi akiwa msichana, kama walivyokwenda maelfu, akabaki huko Västerås. Dada hawa hupigiana simu kila wiki. Jioni ile Raija alikuwa ameshuka kuliwasha jiko, akarudi akampigia, simu ikiwa mezani na sauti imefunguliwa ili mikono yake iwe huru kumenya viazi. Mimi na Lempi tulikuwa pale tukinywa kahawa.

"Nimeliwasha sasa hivi," Raija alisema. "Bei imeshuka, na bado wananiambia ninawaibia."

"Imeshuka?" sauti ya Maire ilicheka. "Una bahati, dada. Huku na mimi niko kwenye bei ya saa kwa saa. Nguo zimejaa mashine, sijaiwasha, nangoja saa mbili ifike."

"Saa mbili ndiyo hii."

"Hii ya nani? Kwangu hii ni saa moja."

Kisu kilisimama juu ya kiazi.

"Uswidi mko nyuma yetu kwa saa moja," Raija alisema polepole.

"Tangu niolewe, dada. Hujawahi kunipigia siku ya mwaka mpya ukakuta bado sijafungua shampeni?"

"Na soko? Saa zinazoandikwa kule sokoni ni za nani?"

"Za kwetu. Za Ulaya ya kati. Bei kila nchi ina yake, lakini saa wanaandika moja. Ulidhani wataandika za Pieksämäki?"

Raija alikuwa ameshafika mlangoni. Tulimsikia akishuka, si mbilimbili, tatutatu. Alilizima lile jiko. Alipopanda tena alikuwa mweupe kama unga, na saa yake alikuwa ameivua, ameishika kiganjani kama kitu kilichomuuma.

Fikiria. Kila jioni kwa mwezi mzima alikuwa ameliwasha jiko saa moja kabla ya wakati. Na saa ile ya kwanza ndiyo ambayo jiko humeza umeme zaidi, linapopasha mawe ya baridi. Kwa hiyo katika saa ya mwisho ya kilele, ile ghali, ile ambayo mawaziri wa nchi zote walituomba tuipumzishe, sauna yetu ilikuwa ikinguruma kwa nguvu zake zote. Niliisoma chuoni habari ya soko moja la Ulaya, nikaielewa kwa michoro yake mizuri. Sikuwahi kudhani kwamba umoja huo unaweza kumpokonya mtu saa nzima jikoni kwake.

"Treni," Raija alinong'ona. "Sijawahi kukosea treni hata dakika."

"Basi umekosea jiko," Lempi alisema. "Hakuna aliyekufa. Viazi vinakungoja."

Asubuhi ya Jumamosi tulitoka wote uani kuondoa theluji, kama ilivyo desturi ikianguka nyingi. Raija alikuja bila koleo. Alisimama katikati ya ua na kusema kwa sauti ya kituo cha reli kosa alilofanya, lote, pamoja na dharau yake kwa zile programu za simu ambazo, kumbe, zilikuwa zimeandikwa kwa saa zetu.

Taisto alilichomeka koleo lake thelujini, akaliegemea, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka na kuganda ndevuni.

"Kwa hiyo miaka yote ile," alisema, "ni Mungu aliyekuwa akiongoza treni!"

Ua mzima ulicheka. Raija alingoja kicheko kiishe. Kisha akatoa funguo za sauna mfukoni, akamkabidhi.

"Nilisema nitazileta."

Taisto alizipokea, na hapohapo kicheko kikamwisha. Alizigeuzageuza kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Dirisha la orofa ya tatu lilikuwa wazi, na kichwa cha Lempi kilikuwa nje katika baridi ile.

"Taisto!" aliita. "Ni wewe sasa mwenye funguo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi Ijumaa ndiwe utakayeniogesha? Nijiandae?"

Watu waliangua kicheko upya, na safari hii hakikumwelekea Raija. Taisto alipiga theluji teke. Alikohoa. Alitazama juu, akatazama chini, akasema kitu ambacho nadhani alikuwa amekifikiria tangu hesabu ilipokuja, kwa kuwa seremala hakati ubao bila kuupima.

"Tufanye hivi. Mkesha wa Krismasi. Bila sauna ya mkesha hakuna Krismasi, hilo hata mimi silibishi. Bei za siku hiyo zitatoka siku moja kabla. Zikishuka jioni, kwa saa zetu, si za Waswidi, zikafika tulipokuwa Septemba kabla mkataba haujaisha, nitaliwasha jiko mimi mwenyewe, na Raija arudishiwe funguo, apange saa mpaka masika. Zisiposhuka, nafunga. Na sitaki maneno."

"Na kama ni kidogo tu juu ya Septemba?" mtu aliuliza.

"Nimesema sitaki maneno."

Tukakubaliana. Tangu siku hiyo nyumba nzima ilianza kuzungumza kama mabaharia. Upepo unavuma wapi? Baridi itazidi? Mitambo ya nyuklia ya Uswidi imerudi kazini? Na ule mpya wa kwetu, kwenye pwani ya magharibi, ambao umengojwa tangu Kauko hajaota mvi, utawaka lini? Watu ambao hawakuwahi kujua umeme unatoka wapi walibishana ngazini juu ya maji ya mabwawa ya Norwe. Raija hakubishana. Alipita akigusa ukuta, akiitazama saa, kisha akiongeza moja, akipunguza moja, midomo ikicheza.

Leo ndiyo siku hiyo ya kabla ya mkesha. Tuko jikoni kwa Raija: yeye, Taisto, Lempi na mimi. Juu ya meza kuna kahawa na keki za nyota zenye jemu ya plamu, na kando ya keki kuna funguo, ambazo Taisto ameziweka pale na kuzifunika kwa kofia yake, kama mtu anayefunika kifaranga. Kauko yuko njiani kutoka Mikkeli. Amepiga simu: amelileta lile gari kubwa.

Lempi ameketi karibu na dirisha, na mapajani ana beseni. Ndani yake kuna fungu la matawi ya mbetula aliloligandisha mwezi wa Juni, la kujipigia mgongoni saunani. Limeanza kuyeyuka, na chumba kizima kinanukia majira ya joto.

"Umeshalitoa?" Taisto amemuuliza. "Mama, bei haijatoka bado!"

"Nimelitoa."

"Na likishayeyuka?"

"Halirudi tena barafuni. Likishayeyuka ni la kuogea tu."

Taisto ameitazama kofia yake. "Unanisukuma, bibi wewe."

"Nakusukuma, ndiyo. Una mwili mkubwa, mtu asipokusukuma husogei."

Raija amesimama mbele ya tableti, mikono nyuma. Ukurasa wa soko bado unaonyesha bei za leo. Anaugusa, unajifungua upya, ni zilezile. Anakwenda dirishani, anarudi. Nje, matawi ya msonobari yameanza kuyumba na kumwaga theluji, na redio imesema upepo wa magharibi unakuja, ingawa haikusema utafika lini kwenye mitambo ya pwani.

"Saa ngapi?" Taisto anauliza.

"Yetu au yao?"

"Yoyote, Raija! Niambie yoyote!"

"Karibu," anasema Raija, na anaugusa tena. Mlango wa gari unafungwa uani. Hakuna anayegeuka kutazama. Ukurasa umekuwa mweupe, duara dogo linazunguka katikati yake, na Lempi ameacha kuyafumua matawi ili maji yasidondoke kwa sauti.